Pomboo, nyangumi na nguva: maswali ninayoulizwa Kisumu

Nafundisha biolojia katika shule ya upili hapa Kisumu na ni mlezi wa klabu ya wanyamapori. Jumamosi tukiwa ufukwe wa Dunga, kando ya Ziwa Victoria, kuhesabu ndege, kina mama wanaoanika omena na wavuvi wanaoshona nyavu husogea kusikiliza. Tangu tulipowapeleka wanafunzi Shimoni na Wasini, kusini mwa pwani, kuwaona pomboo, ndege wamesahaulika kidogo. Kila mtu anataka kujua habari za bahari. Maswali yanayorudi kila mara nimeyaandika hapa, na majibu yake, kwa yeyote anayetaka kuyatumia darasani au ufukweni.

Mwalimu, mbona ziwa letu halina pomboo?

Hili ndilo la kwanza siku zote, na ni swali zuri kwa sababu jibu ambalo wengi hulikimbilia, kwamba maji yetu hayana chumvi, si sahihi. Wako pomboo wanaoishi maji baridi maisha yao yote: katika mto Amazon, katika mto Ganges kule India, na katika mto Indus kule Pakistan. Afrika Magharibi yuko manatii, binamu wa nguva, ambaye hupanda mto Niger mpaka Mali, mbali kabisa na bahari.

Kilichotunyima pomboo ni njia, na pia umri wa ziwa. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Maji yake hutokea Jinja, Uganda, yanaporomoka Murchison, kisha yanapita kwenye miporomoko mingine Sudan kabla ya kufika Mediterania. Hakuna mnyama wa bahari wa kuipanda ngazi hiyo. Zaidi ya hapo, yapata miaka 15,000 iliyopita ziwa hili lilikauka, pakabaki nchi kavu na nyasi. Hata kama lingekuwa na pomboo wake wa kale, wasingepona.

Mamalia wetu wa majini ni kiboko na fisi maji. Fisi maji ukimwona asubuhi kwenye mafunjo, kichwa kikichomoza na samaki mdomoni, umeona mnyama ambaye watoto wengi waliozaliwa mtaa wetu wa Nyalenda hawajawahi kumwona.

Nimesikia nyangumi alichimbuliwa Turkana. Ni kweli au ni hadithi?

Ni kweli. Mwaka 1964 watafiti walichimbua mifupa ya kichwa cha nyangumi mahali paitwapo Loperot, magharibi ya Ziwa Turkana. Mtaalamu wa nyangumi James Mead aliandika habari zake mwaka 1975. Kisha kisukuku kile kikapotea kwenye maghala ya makavazi, watu wakakitafuta miaka mingi, mpaka mtaalamu wa visukuku Louis Jacobs alipokipata mwaka 2011 katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani.

Umri wake ni miaka milioni 17. Ni wa jamii ya nyangumi wenye mdomo mrefu, ambao leo huishi kwenye vilindi. Alipatikana kilomita 740 kutoka pwani ya sasa, mahali palipo mita 620 juu ya bahari. Amefikaje? Maelezo ya watafiti, yaliyochapishwa mwaka 2015, ni kwamba aliingia kwenye mto mkubwa uliokuwa ukimwaga maji Bahari Hindi, akaupanda, akapotea njia, akafa. Mto ule ulipanda taratibu kwa sababu ardhi yetu ilikuwa bado chini, karibu na usawa wa bahari. Nyanda za juu tunazozijua, Nandi, Kericho, Mau, ziliinuliwa baadaye. Nyangumi aliyepotea ndiye anayetusaidia kukadiria lini ardhi ya Afrika Mashariki ilianza kupanda.

Wanafunzi wangu huwa nawaongezea jambo moja. Takriban enzi hiyo hiyo Rusinga, kisiwa cha ziwa letu, walikuwepo nyani wa kale, wale ambao Mary Leakey alipata fuvu lao mwaka 1948. Mwanafunzi akisema bahari haituhusu sisi wa magharibi, humwonyesha ramani ya wakati ule.

Je, kiboko na nyangumi wana undugu?

Wana undugu wa karibu sana. Katika wanyama wote walio hai leo, kiboko ndiye jamaa wa karibu zaidi wa nyangumi na pomboo. Babu yao mmoja aliishi miaka milioni 50 na ushee iliyopita. Mwaka 2015 wataalamu walitangaza kisukuku cha jamaa wa kale wa kiboko kutoka Lokone, Turkana, cha miaka milioni 28 hivi, nacho kimesaidia kuuziba ufa uliokuwepo kati ya viboko na mababu zao. Wakampa jina la Epirigenys, kutokana na neno la Kiturkana la kiboko.

Simama Dunga jioni jua likizama uwasikilize. Kiboko hufunga pua anapozama, ndama wake huweza kunyonya chini ya maji, na kuzaa mara nyingi huzaa majini. Hayo yote nyangumi pia anayafanya.

Nitajuaje kwamba huyu ni mamalia na yule ni samaki?

Tazama mkia. Samaki huupiga kushoto na kulia, mkia wake umesimama. Pomboo, nyangumi na nguva huupiga juu na chini, mkia umelala.

Na usikilize pumzi. Kule Wasini tulizima injini, kimya kikatanda, halafu tukasikia mtu akipuliza kwa nguvu nyuma yetu: pfuu! Pomboo alikuwa ameibuka hatua mbili kutoka kwenye ubavu wa mashua. Tundu la juu ya kichwa lilifunguka na kufumba mara moja, kama jicho, na harufu ya samaki ikatufikia usoni. Msichana wa kidato cha tatu aliyekuwa ameinama pale alirashiwa maji, akasema, "Kumbe ana mapafu." Nilikuwa nimemfundisha hivyo mara tatu ubaoni.

Kwenye pwani yetu wako mamalia wa bahari wa aina gani?

Kuna pomboo wa aina kadhaa. Yule anayeonekana zaidi katika Hifadhi ya Bahari ya Kisite, karibu na Wasini, ni pomboo wa mdomo kama shingo ya chupa, wa jamii ya Bahari Hindi na Pasifiki. Yuko pomboo mwembamba arukaye na kujizungusha hewani kama pia. Na yuko pomboo wa nundu, mwenye kibiongo chini ya pezi la mgongoni, ambaye hukaa maji ya kina kifupi karibu na ufuko. Huyo wa mwisho ndiye anayenitia hofu, kwa sababu anaishi hasa pale nyavu zinapotegwa na bandari zinapojengwa. Ameorodheshwa kuwa hatarini kutoweka.

Nyangumi wakubwa hupita. Sili wa kudumu hatuna.

Nguva ni habari nyingine, nitamfikia.

Nyangumi huja lini, na huja kutafuta nini?

Wale wenye nundu huja na upepo wa kusi. Kuanzia Julai mpaka Septemba hivi huonekana Watamu, Shimoni na sehemu nyingine za pwani, wakitoka kwenye bahari ya baridi inayozunguka Antaktika. Huko kwao kuna chakula tele. Huku kwetu hawali, au wanakula kidogo mno. Wanakuja kupandana na kuzaa. Ndama huzaliwa na urefu wa mita 4 na zaidi, uzito wake unakaribia tani moja, lakini hana mafuta ya kutosha mwilini ya kuhimili baridi ya kusini. Mama humnyonyesha miezi hiyo yote akitumia mafuta aliyojiwekea kwao. Madume huimba, na wimbo wao husafiri mbali majini.

Kwa muda mrefu wanyama hawa waliwindwa mpaka wakakaribia kuisha. Mwaka 1979 Bahari Hindi ilitangazwa kuwa eneo la hifadhi ya nyangumi, na mwaka 1986 usitishaji wa uwindaji wa kibiashara ukaanza kutekelezwa duniani. Idadi ya wenye nundu imepanda tena. Nalisema hili wazi kwa wanafunzi, kwa sababu wamechoshwa na habari za vifo tu: watu waliacha kuua, nyangumi wakarudi.

Nguva si yule msichana mwenye mkia wa samaki?

Jina ni moja, na ngano ni nyingi. Mnyama mwenyewe ni mkubwa, mzito, mpole, rangi ya kijivu, urefu wa mita 3, uzito wa kilo 400 hivi. Mdomo wake umeinama chini kwa sababu hula nyasi za bahari, na ndiye mamalia pekee wa baharini anayeishi kwa majani matupu. Kwa siku anaweza kumaliza kilo 30 mpaka 40, akiacha mifereji kwenye mchanga kama shamba lililopita jembe. Jamaa zake wa karibu walio hai, ukiacha manatii, ni ndovu na pimbi. Maziwa yake yako karibu na kwapa. Nadhani hapo ndipo mabaharia walipomwona mwanamke.

Mzee mmoja wa Kizingitini, kisiwani Pate, alinisimulia jinsi walivyomkuta nguva ndani ya jarife asubuhi moja, yeye akiwa kijana. Jarife ni ule wavu wa macho makubwa unaotegwa usiku kucha kwa ajili ya papa na taa. Nguva alikuwa amekwisha kufa, hana jeraha hata moja. Ndama wake alikuwa bado anazunguka nje ya wavu. "Alilia?" nikamuuliza. "Mwanangu, sisi ndio tulionyamaza," akasema. Hakuendelea, nami sikumwongeza swali.

Hakuwa na jeraha kwa sababu alikosa hewa. Nguva huzama dakika chache tu, kisha lazima apande kupumua. Wavu ukimshika kwa robo saa, basi.

Nguva wamebaki wangapi?

Katika pwani yote ya Afrika Mashariki, kundi pekee linaloaminika kuweza kudumu liko Bazaruto, Msumbiji, nalo linahesabiwa kwa mamia machache. Kwetu Kenya wanaonekana mmoja mmoja, kwa nadra, hasa upande wa Lamu na Kiunga. Tanzania ni eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa. Desemba 2022 nguva wa Afrika Mashariki waliorodheshwa na Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Maumbile kuwa katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka.

Wazazi wanaofuga ng'ombe huelewa haraka nikiwapa hesabu hii. Nguva jike hubeba mimba zaidi ya mwaka mmoja, huzaa ndama mmoja, na kati ya ndama na ndama hupita miaka 3 mpaka 7. Anaweza kuishi miaka 70, lakini hata mambo yakiwa mazuri kabisa, kundi haliongezeki zaidi ya asilimia 5 kwa mwaka. Kundi la nguva 100 linaweza kuongeza watano. Jarife likinasa sita, kundi linapungua, na mvuvi mwenyewe hakukusudia kumnasa hata mmoja.

Sisi wavuvi tunatega kila usiku. Unataka kusema sisi ndio wauaji?

Mvuvi mmoja wa Dunga aliniuliza hivi akiwa amekasirika, na alikuwa na haki ya kukasirika. Hapana. Hakuna mvuvi anayetoka nyumbani kwenda kutafuta pomboo wa kumzamisha. Wavu wake huchanika, samaki wake hupotea, siku yake huharibika. Lakini kweli haina budi kusemwa: duniani kote, nyavu za kutega ndizo zinazoua pomboo na nguva wengi kuliko kitu kingine chochote. Mkuki siku hizi ni nadra.

Kisha nikamuuliza yeye kuhusu fulu, wale samaki wadogo wa ziwa letu. Alikumbuka majina ambayo mimi siyajui. Fulu walikuwa aina mamia ziwani humu, wa kila rangi, na bibi yake aliwakausha kwa sufuria. Mbuta, yaani sangara, samaki mkubwa anayekula samaki wenzake, akaletwa miaka ya 1950 na 1960, akapendwa, akauzwa, viwanda vikajengwa, na aina nyingi za fulu zikaisha kabla hata hazijapewa majina ya kisayansi. Hakuna aliyekusudia. Mtu wa Kisumu hahitaji kuelezwa maana ya mnyama kutoweka maji yakiwa yamejaa watu wanaofanya kazi zao za halali.

Na kuhusu bondo, ule mfuko wa hewa ulio tumboni mwa samaki. Kila mtu hapa anajua bei ya bondo la mbuta, na kwamba njia yake inaishia China. Sasa sikiliza habari za Ghuba ya California, Mexico. Huko kuna samaki mkubwa aitwaye totoaba, ambaye bondo lake linauzwa soko lile lile kwa bei ya kutisha. Nyavu zinazomtega kwa magendo ndizo zinazomnasa vakita, mamalia wa baharini mdogo kuliko karibu wote, mfupi kuliko mtu. Mwaka 1997 walikadiriwa kuwa 570 hivi. Leo wamebaki kama kumi. Hakuna anayemtaka vakita. Hana soko. Anakufa kwa ajili ya bondo la mwingine.

Dawa zipo, na nyingine ni za wavuvi wenyewe. Pakistan, waliposhusha nyavu za jodari mita 2 chini ya uso wa maji, pomboo walionaswa walipungua sana huku jodari wakiendelea kupatikana. Kukagua wavu mapema badala ya kuuacha mpaka asubuhi husaidia. Kuacha kabisa kutega juu ya nyasi za bahari humsaidia nguva kuliko hotuba yoyote. Ila mvuvi wa Faza, kule Pate, anayeambiwa aache jarife ni lazima apewe njia nyingine ya kula, na mimi sioni uhifadhi utakaofaulu bila hilo.

Nyama ya nguva inaliwa?

Zamani pwani walikula nguva na kutumia mafuta yake. Leo Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inawalinda wanyama hawa. Kuua, kuuza au kuweka kiungo chao ni kosa.

Kwenda kuwatazama pomboo kunawasaidia au kunawasumbua?

Inategemea nahodha. Kizimkazi, kusini mwa Unguja, pomboo waliwindwa wawe chambo cha papa mpaka miaka ya 1990, kisha utalii ukawafanya kuwa na thamani wakiwa hai. Hiyo ni faida ya kweli. Lakini thamani nayo ina njaa yake.

Siku yetu ya pili kusini mwa pwani, nahodha wetu, simtaji, aliona kundi na kulikimbiza. Mashua nyingine nne zikaja. Zikawazunguka pomboo kama watu wanaokimbiza kuku, kila mmoja akitaka wageni wake wapate picha. Kulikuwa na ndama ubavuni mwa mama yake. Nilimwomba azime injini, akaniambia watalii wa mashua ile wamelipa zaidi yetu. Wanafunzi wangu walinyamaza mpaka tulipofika gati.

Kwa pomboo wale wanaojizungusha ubaya ni mkubwa zaidi. Wao huwinda usiku kwenye kilindi, na mchana huingia maji ya karibu kupumzika. Ni kama wavuvi wa omena: ukimgongea mlango saa nne asubuhi, unamwibia usingizi alioufanyia kazi usiku kucha. Pomboo hulala kwa kupumzisha nusu ya ubongo huku nusu nyingine iko macho, kwa hiyo unaweza kumwona anaogelea polepole ukadhani anacheza, kumbe amelala.

Basi kabla ya kulipa, muulize nahodha: utazima injini? Utakaa mbali wakiwa na ndama? Utaondoka mashua nyingine zikijaa? Akicheka, tafuta mwingine. Na usiingie majini kuwafuata.

Nikimkuta pomboo amekwama ufukweni nifanye nini?

Mpigie simu Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, mara moja. Wakati ukisubiri, mwagie maji ngozi, mfunike kwa leso zilizoloweshwa, mtengenezee kivuli. Tundu la juu ya kichwa liache wazi, wala usimwage maji humo. Hiyo ndiyo pua yake. Usimvute kwa mkia, utamvunja. Waondoe watu na mbwa, punguza kelele.

Aprili 2006 mamia ya pomboo walikufa maji mafupi ya Nungwi, Unguja. Wakiwa wengi hivyo watu wa kijiji wanabaki wameshika viuno. Lakini akiwa mmoja, watu watano watulivu wenye ndoo wanaweza kumwokoa.

Taka za Kisumu zinafika kwa pomboo wa Mombasa?

Kwa njia ya maji, hapana. Maji yetu huenda Nile mpaka Mediterania. Ya Ziwa Nakuru hayaendi popote, ziwa lile halina mlango wa kutokea. Ya Nairobi ndiyo yanayofika: yanaingia Athi, yanakuwa Galana, yanakuwa Sabaki, yanamwagika kaskazini mwa Malindi pamoja na udongo wa mashamba. Udongo huo ukitanda juu ya nyasi za bahari, jua haliyafikii majani, na chakula cha nguva hufa.

Wakenya wa bara tunahusika basi, ila kila mmoja kwa mto wake. Sipendi kuwaambia watoto kwamba chupa waliyoitupa Kondele itamuua nyangumi wa Watamu, kwa sababu si kweli, na mtoto akigundua umemdanganya mara moja hatakuamini tena. Chupa hiyo itamkuta fisi maji wa Dunga. Inatosha.

Binti yangu anataka kusomea mambo haya. Aanzie wapi?

Asishike biolojia peke yake, ashike na hisabati, kwa sababu kazi kubwa ya watafiti hawa ni kuhesabu wanyama wasioonekana vizuri. Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi, kiko kando ya bahari yenyewe, na Chuo Kikuu cha Eldoret kinafundisha sayansi ya uvuvi na viumbe wa majini. Taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, KMFRI, ina kituo chake hapa hapa Kisumu. Aombe kwenda kuona jinsi sampuli zinavyochukuliwa ziwani. Aanze pia daftari lake la fisi maji: siku, saa, mahali, wangapi, upepo ukivuma kutoka wapi. Daftari la hivyo la mwaka mmoja lina uzito kuliko cheti cha semina.

Na ajifunze kuogelea. Katika wanafunzi niliowapeleka Shimoni, wote wamezaliwa wanaliona ziwa kila siku, na walioweza kuogelea walikuwa wanne.